Mkataba wa "Kwangu Tu": Netflix, Xbox na Steshenari ya Nje ya Geti

Jumapili, saa nne usiku, hosteli.

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Testi tatu mfululizo si mchezo, na wenzangu wa ualimu mnajua jinsi msuli ulivyokuwa mkali. Leo nimerudi, ila sijarudi na stori ya kafteria wala ya bumu kuchelewa. Nimerudi na historia, na nina sababu. Kesho saa mbili asubuhi kuna kura darasani kwetu na mimi ndiye niliyeianzishia maneno.

Iko hivi. Ijumaa tulikuwa na kikao cha darasa. CR wetu akasimama akasema kuna mwenye steshenari mmoja pale nje ya geti amekuja na ofa. Atatutolea kopi kwa shilingi 70 kwa ukurasa badala ya 100, na juu yake atatuazima projekta kila tukiwa na presenteshoni. Sharti ni moja tu: madesa yote ya kozi zetu, kila karatasi ambayo mwalimu anamwachia CR, yapelekwe kwake peke yake. Muhula huu na mwaka mzima ujao. Vibanda vingine visione orijino hata moja.

Darasa likapiga makofi. Na mimi siwalaumu, kwa sababu desa la kurasa 80 unaokoa shilingi 2,400, na kwa mwanafunzi anayesubiri bumu hiyo ni hela ya kula. Nikanyoosha mkono, nikauliza: akishabaki peke yake, nani atamzuia kupandisha bei? Dada mmoja nyuma akasema, "Katibu, wewe unatafuta nzi kwenye chai." Kicheko. CR akaamua: basi katibu aandike hoja zake, Jumatatu tumpe dakika tano kabla ya kura.

Nikarudi chumbani nimenuna. Rumeti wangu, jamaa wa kompyuta, mtu wa gemu kupindukia, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ticha, hiyo mbona ni Netflix na Xbox ya 2008? Kaisome. Ile ilishaisha, utaona ilivyoanza na ilivyokufa." Kwa kweli hapo alinishika pabaya, maana sisi wa historia tunafundishwa hivyohivyo, kwamba tukio lililokwisha lina mwanzo na mwisho, unaweza kulipima. Nimekesha nalo siku mbili. Haya, twende.

Wengi tunaijua Netflix kama kitu cha kwenye simu. Ilianzishwa 1997 huko California na Reed Hastings na Marc Randolph, na kuanzia 1998 kazi yake ilikuwa kutuma DVD kwa posta. Unachagua filamu mtandaoni, inakuja nyumbani kwenye bahasha, baadaye ikawa ile bahasha nyekundu maarufu, ukimaliza unairudisha kwa posta vilevile. (Wenzangu wa ualimu, hii ni yenu: Hastings kabla ya biashara alikuwa mwalimu wa hesabu wa kujitolea Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini, kuanzia 1983 hadi 1985. Kwa hiyo msikate tamaa na TP.)

Januari 2007 Netflix wakaanza kuruhusu wateja watazame filamu moja kwa moja kwa intaneti, bila diski. Tatizo likawa moja. Filamu ilionekana kwenye kompyuta, na watu wanataka kutazama filamu kwenye televisheni, wamekaa kwenye kochi. Televisheni za wakati ule nyingi hazikuwa na intaneti. Nani basi ataivusha filamu kutoka kwenye waya wa intaneti hadi kwenye kioo cha sebuleni?

Netflix walianza kutengeneza kisanduku chao wenyewe. Kilikuwa karibu kutoka, Hastings akasita. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama Netflix watauza kifaa chao, watengenezaji wengine wa vifaa watawaona kama washindani na hawatawafungulia milango. Kazi ile ikahamishiwa kampuni ndogo ya Roku ya Anthony Wood, na Mei 2008 kisanduku kikatoka kwa jina la Roku, dola 99.99. Shikeni hilo, wadau: mtu aliyeacha kifaa chake mwenyewe ili abaki rafiki wa wote. Miezi miwili baadaye akasaini na mmoja.

Julai 2008, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Microsoft wakatangaza kwamba Netflix inakuja kwenye Xbox 360, na kwamba Xbox itakuwa mashine pekee ya gemu yenye huduma hiyo. Filamu na vipindi zaidi ya 10,000. Tarehe 19 Novemba 2008 ikawashwa, siku ileile Xbox ilipobadilishwa sura yake yote ya mbele.

Kwa nini Microsoft walitaka upekee? Hapa nilifurahi, maana jibu liko kwenye vita nyingine. Miaka ileile kulikuwa na ugomvi wa diski mpya za picha kali. Sony walikuwa na Blu-ray, wakaiweka ndani ya PlayStation 3 tangu ilipotoka Novemba 2006. Microsoft walikuwa upande wa HD DVD ya Toshiba, wakauza hadi kifaa cha pembeni cha kuchomeka kwenye Xbox 360. Januari 2008 Warner Bros. wakachagua Blu-ray, na Februari Toshiba wakanyoosha mikono. Kwa hiyo mwaka 2008 Microsoft ndio wenye mashine isiyo na diski ya filamu ya kisasa, na jirani anayo. Filamu za intaneti zikawa ndiyo njia ya kutokea. Tena kulikuwa na kiunganisho kingine: Hastings alikuwa kwenye bodi ya Microsoft tangu Machi 2007. Watu hawa walikuwa wanakaa meza moja.

Sasa angalieni malipo yalivyopangwa, maana utamu wote uko hapa. Mteja alikuwa analipa Netflix, kuanzia dola 8.99 kwa mwezi. Lakini ili aione kwenye Xbox ilibidi pia awe na Xbox Live Gold, dola 49.99 kwa mwaka. Gold ilikuwa ada ya kucheza gemu na wenzako mtandaoni. Mtu ambaye hachezi na mtu, anataka filamu tu aliyokwisha kuilipia kule Netflix, naye alilipa getini. Ni kama ulipie chakula kantini halafu mlangoni udaiwe kiingilio. Upekee ndio uliowezesha hilo. Kama filamu zilezile zingekuwa kwa jirani bila ada ya mlango, nani angelipa?

Nisiwe mnafiki lakini. Mkataba ule ulifanya kazi. Mwanzoni mwa Februari 2009, haujatimia miezi mitatu, kampuni zile mbili zikatangaza kwamba wanachama milioni 1 wa Gold wameshawasha Netflix. Netflix walipata kile walichokikosa, yaani sebule za watu, kwa mashine ambayo tayari imeshanunuliwa na imeshachomekwa kwenye televisheni. Mwisho wa 2008 walikuwa na wateja kama milioni 9.4, mwisho wa 2010 wakawa milioni 20. Si yote ni ya Xbox, lakini watu walionja pale. Mshirika wa kwanza alisukuma gari likawaka. Hiyo ni haki yake na kesho nitaisema mbele ya darasa.

Ila kulikuwa na watu waliobaki nje. Aliyenunua PlayStation 3, na aliyenunua Wii ya Nintendo, alikuwa analipa Netflix dola zilezile, na hapati. Netflix nao wakaanza kuona uzito wa sharti, maana kila mwenye PlayStation ni mteja wanayemnyima wenyewe.

Ndipo ikaja ile sehemu iliyonifanya nicheke peke yangu saa nane za usiku mpaka rumeti akanirushia mto. Oktoba 2009 Netflix wakatangaza kwamba PlayStation 3 itapata huduma, na Novemba ikaanza, lakini kwa diski! Ndiyo, diski. Huduma ambayo sifa yake yote ni kutokuwa na diski, ilitaka uweke diski. Haikuwa na filamu ndani yake. Ilikuwa ufunguo tu. Blu-ray ina uwezo wake wa kuzungumza na intaneti, unaitwa BD-Live, na Netflix walipitia humo. Wakati ule waandishi wa habari za gemu walieleza sababu wazi kabisa: mkataba na Microsoft ulizuia programu ya Netflix kukaa ndani ya mashine nyingine ya gemu, lakini diski haikai ndani ya mashine. Unaiweka, unatazama, unaitoa.

Na nani duniani angeweza kutuma diski bure kwa kila mteja bila kutoka jasho? Kampuni ya posta ya bahasha nyekundu! Januari 2010 wakatangaza Wii nayo, ikaja majira ya machipuko ya mwaka huo, diski vilevile. Wii haikuwa hata na picha kali, na DVD ya kawaida haikuwa inacheza, lakini Netflix ikaonekana. Watu wakawa wanainuka kwenye kochi kubadilisha diski ya gemu na diski-ufunguo, wakilalamika huku wakitazama.

Tarehe 18 Oktoba 2010 diski zikafa. PlayStation 3 na Wii zikapata programu ya kawaida ya kupakua. Hesabuni: kutoka Novemba 2008 hadi Oktoba 2010, chini ya miaka miwili. Huo ndio umri wa "kwangu tu" ya Xbox, na mwaka wa pili ulikuwa umeshatobolewa na diski.

Baadaye je? Mwisho wa 2012 Netflix walisema PlayStation 3 ndiyo kifaa kilichoongoza kwa kutazamiwa Netflix kwenye televisheni. Aliyefungiwa nje akawa wa kwanza. Sababu moja rahisi kuiona ni kwamba kwa Sony hukulipa ada ya mlango. Microsoft wao waliendelea na ada ile hadi Juni 2014, ndipo wakaruhusu Netflix na programu kama hizo bila Gold. Kwa hiyo upekee ulikufa 2010 lakini ada iliyozaliwa chini ya upekee iliishi miaka karibu minne zaidi. Hili ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba mkataba unaweza kuisha na mazoea yake yakabaki.

Nikaangalia Uingereza, kuona kama ni Wamarekani tu. BBC wana huduma yao ya kutazama vipindi, iPlayer. Wii iliipata Aprili 2008, PlayStation 3 Septemba 2009. Xbox 360? Machi 2012! Vipindi vya BBC wananchi wameshavilipia kwa leseni ya televisheni, ada ya Gold juu yake ingekuwa kulipa mara mbili. Ilipofika hatimaye kwenye Xbox, ilifunguliwa hata kwa wasio na Gold. Mwenye mali alikuwa na msimamo, mwenye mlango akalegea. Ilichukua muda tu.

Halafu kuna kisa cha mkuki kwa nguruwe. Machi 2012 Comcast, kampuni kubwa ya kebo na intaneti ya Marekani, ilileta programu yake ya video kwenye Xbox 360. Intaneti ya nyumbani ya Comcast ilikuwa na kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Ukitazama Netflix, kikomo kinapungua. Ukitazama video za Comcast kwenye Xbox ileile, sebule ileile, hakipungui. Aprili Hastings akalalamika hadharani kwenye Facebook kwamba si haki. Na alikuwa na hoja kabisa! Lakini wadau, ni yuleyule aliyefurahia kuwa peke yake kwenye Xbox miaka minne nyuma. Mlango wa upekee unapendeza ukiwa ndani. Mwezi Mei Comcast wakasimamisha kile kikomo.

Mtasema haya ni ya zamani. Hapana. Januari 2022 Microsoft walitangaza kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, na hofu ikawa ni ileile, kwamba gemu ya Call of Duty itafungiwa kwa Xbox, na kwenye gemu za kucheza moja kwa moja kwa intaneti watakuwa peke yao. Safari hii serikali ziliingia kati. Ununuzi ulikamilika Oktoba 2023 baada ya Microsoft kusaini ahadi za miaka 10 za kuipeleka Call of Duty kwa Nintendo na kwa Sony, na kuuza kwa Ubisoft haki za kutiririsha gemu za Activision ili mamlaka ya ushindani ya Uingereza iridhike. Yaani muda uliandikwa na njia ya wengine iliandikwa, kabla mlango haujafungwa.

Na huku kwetu? Tunalo somo letu, wakubwa wanalikumbuka. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilinunua haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika kusini mwa Sahara, ikauza ving'amuzi kwa bei ya chini Kenya, Uganda, Tanzania na kwingine. Januari 2009 ikafilisika, na picha zikazimwa katikati ya msimu. Watu wakabaki na madishi juu ya mabati. Hapo nikaongeza swali kwenye karatasi yangu ambalo sikuwa nalo Ijumaa. Nilikuwa nahofia mwenye steshenari atanenepa, sikufikiria akifunga duka.

Sasa nirudi kwenye kura.

Nilipoanza kusoma nilitaka ushahidi wa kusema "kataeni." Nakiri. Nilitaka nimjibu yule dada wa nzi kwenye chai. Lakini historia haikunipa hicho nilichokitaka, na mwalimu wetu wa mbinu za utafiti angenichapa sapu kama ningeikata vipande ili initii. Xbox iliwapa Netflix kitu cha kweli. Shilingi 30 kwa ukurasa nazo ni kitu cha kweli. Kuna mwenzetu pale darasani huwa anasoma desa la kuazima usiku, wengine wakishalala, kwa sababu hana hela ya kopi. Siwezi kusimama mbele yake kuhubiri ubaya wa ukiritimba huku nina desa langu mkobani.

Kwa hiyo kesho sitasema tukatae. Nitasema tukubali kwa masharti manne, nayo nimeyatoa humo humo.

Kwanza, muda. Muhula mmoja, si mwaka na nusu. Upekee wa Xbox uliyeyuka chini ya miaka miwili kwa sababu hali ilibadilika haraka. Na sisi hali yetu inabadilika kila bumu likitoka.

Pili, bei iandikwe. Shilingi 70 hadi mwisho wa muhula, na pasiwe na ada ya mlangoni: hakuna "kulipia banda", hakuna "lazima ununue na bainda." Gold ilinifundisha kwamba bei ya chakula inaweza kubaki palepale huku kiingilio kikipanda.

Tatu, diski. Kila desa lipigwe picha kwa simu siku linapotoka, likae kwenye grupu la darasa kwa PDF. Akitaka kopi ya karatasi ya bei nafuu aende kwake, asiyetaka asome kwenye simu. Hiyo ndiyo diski yetu nyekundu, na iandikwe ndani ya makubaliano waziwazi ili isiwe ujanja. Netflix walitumia ujanja kwa sababu hawakuacha nafasi mwanzoni.

Nne, akifunga duka au mashine yake ikiharibika kwa zaidi ya siku mbili, orijino zinarudi kwa CR na kila mtu yuko huru. Hilo ni la GTV.

Nimemsomea rumeti. Akauliza, "Na akikataa masharti?" Nikamwambia basi tutakuwa tumejua alichokuwa anakitaka, kwa sababu mtu anayetaka tu wateja wengi hana shida na muhula mmoja. Akanyamaza, akavaa hedfoni zake. Huo kwake ni mkono wa pongezi.

Ila moyoni, wadau, nina wasiwasi. Dakika tano ni chache, projekta inang'aa, na mimi si msemaji. Naweza kushindwa vibaya kesho, na madesa yakaenda yote kwa mtu mmoja kwa mwaka na nusu, huku mimi nikiwa katibu ninayeandika kumbukumbu za kikao hicho kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nalo ni historia, nitaliandika kama lilivyo.

Umeme umeanza kupepesa, nafunga. Wenye vyuo vingine mliowahi kuletewa ofa ya namna hii, mlifanyaje? Matokeo ya kura nitawaletea hapa hapa, yawe matamu au machungu.

Tupo pamoja. Usiku mwema.